Mazoezi ni nguzo ya tiba kwa wagonjwa wa Parkinson

FAMILIA nyingi zinapoarifiwa kwamba mzee wao ana ugonjwa wa Parkinson, jambo la kwanza zinalofanya ni kumwondolea kazi zote. Huletewa chakula kitini, huvishwa nguo na kuzuiwa kutoka nje asije akaanguka. Nia huwa njema, lakini matokeo huwa kinyume: misuli hudhoofika kwa kukosa kazi, viungo huzidi kukakamaa na hatari ile ile ya kuanguka huongezeka.

Ugonjwa huu ulielezwa na daktari Mwingereza, James Parkinson, mnamo 1817. Hutokana na kufa kwa seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayousaidia ubongo kuratibu miondoko ya mwili. Dopamini inapopungua, mkono hutetemeka hata ukiwa umetulia, viungo hukaza, hatua hufupika na mwandiko huwa mdogo. Bondia mashuhuri Muhammad Ali aligunduliwa kuwa nao mwaka wa 1984 na akaishi nao hadi alipofariki mwaka wa 2016. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kwamba zaidi ya watu milioni 8.5 duniani walikuwa na ugonjwa huu mwaka wa 2019.

Hadi sasa hakuna dawa ya kuuponya. Levodopa, ambayo ndiyo dawa kuu, humrejeshea mgonjwa sehemu ya uwezo wa kujongea. Hata hivyo, kadiri miaka inavyosonga nguvu yake hupanda na kushuka katika siku moja, na haisaidii sana pale mgonjwa anapopoteza usawa wa mwili. Ni katika pengo hilo ambapo mazoezi yamethibitisha thamani yake.

Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka wa 2018, wagonjwa 128 ambao hawakuwa wameanza kutumia dawa waligawanywa katika makundi matatu. Waliofanya mazoezi makali kwenye mashine ya kukimbilia kwa miezi sita, mapigo ya moyo yakifika asilimia 80 hadi 85 ya kiwango cha juu kabisa, dalili zao za kujongea hazikubadilika sana. Wale walioendelea na maisha yao ya kawaida walizorota. Nchini Uholanzi, utafiti wa mwaka wa 2019 ulionyesha kwamba waliokanyaga baiskeli isiyosonga nyumbani, dakika 30 hadi 45 mara tatu kwa wiki, walizorota kidogo kuliko wenzao waliojinyoosha viungo tu. Kabla ya hapo, mwaka wa 2012, watafiti wa Oregon walibaini kwamba tai chi, mazoezi ya Kichina ya miondoko ya taratibu, huimarisha usawa wa mwili na kupunguza visa vya kuanguka.

Matokeo hayo hayana maana kwamba mazoezi huzuia seli za ubongo kufa. Hilo halijathibitishwa kwa binadamu. Yaliyo bayana ni kwamba mgonjwa anayejizoeza hutembea vyema zaidi na huendelea kujitegemea.

Mwongozo uliotolewa Marekani mwaka wa 2021 unapendekeza aina nne za mazoezi. Kwanza ni yale yanayoongeza kasi ya moyo, kama vile kutembea kwa haraka au kuendesha baiskeli, angalau dakika 30 kwa siku, mara tatu kwa wiki. Pili ni ya kuimarisha misuli, mara mbili au tatu kwa wiki. Tatu ni ya kujenga usawa wa mwili, kama densi au tai chi, na nne ni kunyoosha viungo. Si lazima mgonjwa awe na vifaa vya bei ghali. Kuinuka kitini na kuketi tena mara kumi bila kujishika ni zoezi tosha la mapaja, na chupa zilizojazwa maji zaweza kutumiwa badala ya vyuma.

Wapo wagonjwa ambao miguu hugoma ghafla, hasa mlangoni au wanapogeuka, kana kwamba nyayo zimegandishwa sakafuni. Kumvuta mkono mgonjwa wa namna hiyo ni kumwangusha. Heri asimame, atulie, kisha ahesabu moja, mbili, tatu na kuanza upya. Mistari iliyochorwa sakafuni, au wimbo wenye mapigo ya kutembelea, humsaidia kuirudia hatua yake.

Ni busara kufanya mazoezi wakati dawa inapofanya kazi barabara, mara nyingi muda fulani baada ya kuimeza. Kwa kuwa ugonjwa wenyewe na dawa zake vyaweza kushusha shinikizo la damu, mgonjwa asiinuke kwa ghafla. Mwenye maradhi ya moyo au anayeanguka mara kwa mara amwone daktari kwanza, kisha mtaalamu wa tiba ya viungo ampangie mazoezi yanayolingana na hali yake.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mazoezi yaanze mara tu ugonjwa unapogunduliwa, mgonjwa angali na nguvu. Jamaa wanaotaka kumsaidia mzee wao wamwache afunge vifungo vyake mwenyewe, hata akichukua muda mrefu, na watembee naye badala ya kumbebea kila kitu.