Hatua ya Tano

Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla jua halijawa kali, uwanja wa nyumba moja mtaani kwetu huwa umekwisha kufagiliwa. Mikeka imetandikwa, viti vya plastiki vimeazimwa kwa jirani, na juu ya meza ndogo yenye kitambaa cheupe kuna msalaba, mshumaa na Biblia. Watu wanaingia mmoja mmoja. "Tumsifu Yesu Kristo." "Milele na milele, amina." Wengi ni akina mama. Wimbo unaanzishwa, Injili ya Jumapili inayokuja inasomwa, kisha mwenyekiti anauliza kama kuna mwenye la kutushirikisha. Hapo ndipo kimya kinapoingia. Macho yanashuka kwenye mkeka. Mmoja anayarudia maneno ya Injili kwa sauti ya mahubiri, mwingine anashukuru kwa ufupi, na katibu, kwa kutuonea huruma, anafungua daftari la michango.

Nimeikalia mikeka hiyo kwa miaka mingi, na kimya hicho ndicho kilichonipeleka kwenye historia. Jumuiya hizi ndogo ndogo za Kikristo hazikuzaliwa kwa ajili ya daftari. Zilizaliwa kwa ajili ya ile dakika ambayo mtu wa kawaida, asiye padri wala katekista, anafungua kinywa na kusema maisha yake mbele ya Neno na mbele ya jirani zake.

Mkatoliki wa kijijini Tanganyika mwaka 1950 hakuwa na dakika ya namna hiyo. Misa ilikuwa kwa Kilatini. Padri alizunguka vigango akifika mara chache, na katikati ya ziara zake katekista aliibeba imani ya kijiji kizima mabegani mwake, akifundisha kwa maswali na majibu. Swali lilikuwa limekwisha kuandikwa, na jibu vilevile. Watoto waliyakariri, na wazee wengi waliyakumbuka mpaka kufa kwao. Sidharau kazi ile. Bila makatekista pasingekuwa na Kanisa la kuandikiwa makala. Lakini hakuna aliyeulizwa: wewe, Neno hili limekukuta wapi?

Swali hilo lilikuwa limeanza kuulizwa upande mwingine, kwa Waanglikana. Mwaka 1929, kwenye kilima cha Namirembe, Kampala, Mganda Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza Joe Church walikaa pamoja siku kadhaa wakisoma Maandiko na kusali. Church alirudi kwenye hospitali yake ya misheni huko Gahini, Rwanda, mahali palipokuwa na chuki ya chini kwa chini kati ya wazungu na wahudumu Waafrika. Yosiya Kinuka, kiongozi wa wahudumu hao, alisafiri kwenda kwa Nsibambi na akarudi mtu mwingine. Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, alifundisha wainjilisti hapo hapo Gahini, akafariki mwaka 1936 akiwa bado kijana, na kifo chake kikazidi kuuwasha moto. Waganda waliwaita watu hawa Balokole, waliookoka. Kwa Kiswahili sisi tuliuita Uamsho.

Mikutano yao midogo ndiyo inayonivutia kuliko makongamano yao makubwa. Watu walikusanyika nyumbani kwa mtu, wakaimba Tukutendereza, na kila mmoja akaeleza wiki yake ilivyokwenda: aliyeiba saruji ya misheni, aliyemfokea mkewe, daktari aliyewadharau wasaidizi wake. Wenyewe waliita jambo hilo kutembea nuruni. Katika nchi zilizotawaliwa kwa rangi, jambo la mzungu kumwomba radhi mhudumu wake mbele ya watu halikuwa dogo. Njia hii ilikuwa na madhara yake pia. Wengine walifanya ungamo la hadharani kuwa kipimo cha wokovu, wakawatazama Wakristo wenzao kama watu walio gizani, na makanisa kadhaa yaliumia. Lakini mshikamano ule ulipopimwa ulishika. Nchini Kenya, baada ya hali ya hatari kutangazwa mwaka 1952, ndugu wa Uamsho kati ya Wakikuyu walikataa kula kiapo cha Mau Mau, na wengi wao wakakataa pia kushika bunduki za serikali. Walibaki katikati, na baadhi yao waliuawa.

Moto huo ulivuka mpaka ukaingia Buhaya, magharibi mwa Ziwa Viktoria. Walutheri wa huko waliupokea, na kati ya watu wake alitoka Josiah Kibira, aliyekuja kuwa askofu Bukoba na, mwaka 1977, rais wa kwanza Mwafrika wa Shirikisho la Walutheri Duniani. Naushika mkoa huo, ambao sasa tunauita Kagera, kwa sababu historia yetu itarudi hapo tena na tena.

Kwa Wakatoliki mambo yalifunguka katika miaka ya 1960. Maaskofu wa Kongo walianza mapema, mwaka 1961, kuelekeza parokia zao kwenye jumuiya hai za walei, na Kadinali Joseph Malula akaisimamia njia hiyo Kinshasa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, wa 1962 hadi 1965, uliruhusu ibada kwa lugha za watu na ukawarudishia waamini Biblia mikononi. Kwa upande wa Tanzania, wanaoufuatilia mwanzo wa jumuiya huutaja mwaka 1966 na parokia ya Nyarombo, jimbo la Musoma, pamoja na parokia jirani za Waluo wa Mara Kaskazini.

Kisha likaja Azimio la Arusha, Februari 1967. Wakati huo chama cha TANU kilikuwa kimekwisha kuwapanga watu katika mashina ya nyumba kumi, kila shina na balozi wake, na mtu aliyezoea kumwendea balozi kwa ugomvi wa mpaka wa shamba hakuona ajabu kusali kwa mpangilio huo huo. Watu wengine husema Kanisa liliiga chama. Mimi naona vyote viwili viliegemea ujirani uliokuwepo tangu zamani. Mtu aliyefikiri kwa kina zaidi kuhusu jambo hili alikuwa Christopher Mwoleka, askofu wa Rulenge, Kagera hiyo hiyo, kuanzia 1969 hadi 1996. Alikwenda kuishi katika kijiji cha ujamaa cha Nyabihanga, akashika jembe pamoja na wanakijiji. Kwake Utatu Mtakatifu haukuwa fumbo la kutegua kwa akili. Ulikuwa mfano wa kuiga: Nafsi tatu zinazoshirikiana kila kitu. Maaskofu wenzake hawakukubaliana naye wote, lakini wengi wanaoendesha jumuiya leo wanatembea katika njia aliyoifyeka yeye, hata kama hawajalisikia jina lake.

Maaskofu wa AMECEA, shirikisho la mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki, walikutana Nairobi mwaka 1973 wakaamua kwamba maisha ya Kanisa yajengwe juu ya vikundi vidogo ambamo watu wanajuana kweli, mahali pale pale wanapoishi na kufanya kazi. Mwaka 1976 waliufanya uamuzi huo kuwa mpango wa kazi, na mwaka 1979, huko Zomba, Malawi, wakatathmini walipofika.

Ilibaki namna ya kuendesha mkutano wenyewe. Hiyo ilitoka Afrika Kusini, katika taasisi ya Lumko, ambako mapadri wawili Wajerumani, Oswald Hirmer na Fritz Lobinger, waliandaa vijitabu vyepesi kwa viongozi walei. Njia yao tunaiita Hatua Saba: kumkaribisha Bwana, kusoma, kuchagua maneno na kuyarudia taratibu, kukaa kimya, kushirikishana, kutafuta la kutenda, kusali. Ya tano ndiyo moyo wa yote. Masharti yake ni machache na magumu. Hakuna kuhubiri, hakuna kubishana, hakuna kumsahihisha mwenzako. Unasema neno lililokugusa na kwa nini limekugusa, na unasema kwa "mimi", si kwa "sisi Wakristo tunapaswa".

Sasa nieleze kwa nini naamini hatua hiyo inatushinda. Ndugu wa Uamsho walikusanywa na badiliko la moyo. Aliyeingia chumbani alikuwa ameshachagua kusema. Sisi tumekusanywa na uzio. Katika jumuiya anayekusikiliza ni mwenye nyumba wako, au mwanamke unayemdai, au mama mkwe wa binti yako. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kwetu kata zote zimekaa mkeka mmoja. Kusema ukweli hapo ni kazi kubwa kuliko kusema mbele ya ndugu waliochaguana, na kwa sababu hiyo hiyo una thamani zaidi unaposemwa.

Kagera ilionyesha hivyo. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Tanzania walikuwa watatu, mwaka 1983, mkoani humo. Katika miaka iliyofuata ugonjwa ulijaza makaburi kwenye migomba, na familia nyingi zikautaja kwa majina mengine kwa sababu ya aibu. Jumuiya zilipofanya kazi yake, hapo na kwingineko Afrika Mashariki, hazikuanza na semina. Zilianza na akina mama waliokwenda kwa zamu kumwogesha mgonjwa, kumpikia uji na kuwaangalia watoto. Baada ya kumwogesha mtu, huwezi tena kujifanya hujui anaumwa nini, naye hahitaji tena kukuficha. Waliokuwa wakinyamaza kwenye hatua ya tano walipata la kusema.

Mwaka 1994 ulionyesha upande wa pili, na sijui namna ya kuandika habari hizi bila kuutaja. Sinodi ya Maaskofu kwa ajili ya Afrika ilifunguliwa Roma tarehe 10 Aprili, ikachagua kuliita Kanisa Familia ya Mungu. Siku tatu kabla ya hapo mauaji ya kimbari yalikuwa yameanza Rwanda, ambako wengi wa waliouawa na wengi wa waliowaua walikuwa wamebatizwa. Walikuwa majirani. Mwishoni mwa mwezi huo wakimbizi wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi na kuingia Ngara, ndani ya jimbo la Mwoleka. Nchi ya Gahini yenyewe, chimbuko la Uamsho, haikusalimika. Watu wangeweza kuketi pamoja kila wiki, wakasoma pamoja, na jambo lililokuwa moyoni mwa kila mmoja lisitamkwe kamwe.

Leo jumuiya ni sehemu ya utaratibu wa Kanisa. Ina msimamizi wake mtakatifu, mwenyekiti, katibu na mhazini. Ukitaka kubatiza mtoto, kufunga ndoa au kuzika, parokia itauliza jumuiya yako ni ipi na unahudhuria au hapana. Naelewa sababu, mtu asiyejulikana na yeyote atasimamiwaje? Lakini wengi, hasa wanaume, huja wanapohitaji barua, na barua haimfundishi mtu kusema.

Mwaka fulani, siku ya Injili ya mwana mpotevu, mwenyekiti wetu alikataa kumpa katibu nafasi. Alituacha tukae na kimya mpaka mshumaa ukaonekana umepungua. Mama mmoja, aliyekuwa na desturi ya kukaa karibu na mlango, akasema kwamba yeye ni yule kaka mkubwa. Wifi yake alirudi kutoka mjini akiwa mgonjwa, naye hajamkaribisha ndani kwa sababu ya kiwanja walichogombania. Anampelekea chakula kwa mkono wa mtoto. Alisema hayo akitazama mikono yake, akanyamaza. Hakuna aliyemjibu, kama sheria ya hatua ya tano inavyotaka. Tulipofika ya sita, mwenyekiti aliuliza tu Jumamosi inayofuata tutasali kwa nani, na mama yule akasema tuje kwake, ila tubebe viti viwili vya ziada.