Damu nzito kama lami

Wadau, kwetu waandishi kipindupindu huwa ni habari ya idadi: wangapi wamelazwa, wangapi wamefariki, mama lishe wangapi wamefungiwa biashara. Leo naiacha idadi. Nataka niwapeleke Uingereza ya mwaka 1831, kwenye swali moja tu: kinachomuua mgonjwa ni nini hasa?

Ugonjwa ulizuka katika bandari ya Sunderland mwezi Oktoba. Madaktari walikuwa na tiba mbili walizoziamini sana. Ya kwanza, kumkata mgonjwa mshipa ili damu imtoke. Ya pili, kumpa kalomeli, ambayo ni chumvi ya zebaki. Kwenye ile ya kwanza wakakutana na kioja: damu haitoki. Nyeusi, nzito kama lami, inachuruzika kwa taabu.

Kijana wa Ireland, William O'Shaughnessy, mwenye miaka ishirini na kitu (rika letu hilo!), akaichukua damu hiyo akaipima. Desemba 1831 akaandika katika jarida la Lancet kwamba imepoteza maji mengi pamoja na chumvi zake.

Hapa tusichanganye mambo. Damu nzito na damu iliyoganda si kitu kimoja. Maji yakipungua mwilini, chembe nyekundu husongamana, damu ikawa nzito na mwendo wake ukapungua. Damu inayokwenda polepole ndiyo hupata nafasi ya kuganda ndani ya mishipa. Lakini mgonjwa wa kipindupindu anaweza kupoteza hadi lita moja kwa saa. Mara nyingi hafi kwa damu kuganda, hufa kwa sababu moyo umekosa cha kusukuma.

Sasa ongeza zebaki. Kalomeli ni dawa ya kuharisha. Yaani mtu ameharisha mpaka amekauka, wewe unampa dawa ya kuharisha! Maabara za siku hizi zimeonyesha pia kwamba zebaki inaweza kuzifanya chembe nyekundu zichochee damu kuganda. Sidai kwamba hilo ndilo lililowaua watu wa 1832. Kuwakausha tu kulitosha.

Mei 1832, huko Leith, Scotland, Dk. Thomas Latta alimwingizia bibi kizee mmoja maji ya chumvi mshipani, kama lita tatu na nusu kwa nusu saa. Bibi alikuwa amekwisha kabisa. Mapigo yakarudi, macho yakang'aa, akasema hajisikii vibaya. Latta, hoi kwa uchovu, akamwachia daktari wa hospitali akaenda kupumzika. Kuharisha kukaanza upya, maji hayakuongezwa, na saa tano na nusu baadaye bibi akafariki. Latta naye akafa 1833. Mlipuko ukapoa, njia yake ikawekwa kando, kalomeli ikaendelea kutolewa.

O'Shaughnessy akaenda zake Bengal, India, ambako alijenga mtandao wa telegrafu. Mwaka 1856 akapewa cheo cha Sir kwa kazi hiyo ya nyaya, si kwa ile damu. Katika Bengal hiyohiyo, kambi ya wakimbizi ya Bangaon, mwaka 1971 dripu zilimwishia Dk. Dilip Mahalanabis. Akachanganya kwa kila lita ya maji gramu 22 za glukosi, 3.5 za chumvi ya mezani na 2.5 za soda ya kuokea, akawaambia ndugu wa wagonjwa wawanyweshe kwa vikombe. Vifo vikashuka kutoka karibu asilimia 30 hadi chini ya 4.