Kutoka shida ya siku moja hadi mradi: kisa cha Ushahidi

Mpwa wangu mmoja anayejua kompyuta aliniuliza: "Ami, nimejiundia programu ya kutengenezea tovuti. Naweza kuigeuza ikawa mradi wa kando?" Mimi si fundi wa mambo hayo, lakini nilimhadithia kisa cha Ushahidi, programu ya Wakenya yenye jina la lugha yetu.

Uchaguzi mkuu ulifanyika Desemba 27, 2007. Matokeo ya urais yalipotangazwa tarehe 30, ghasia zikazuka na serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Mitaa ya Kibera na Kawangware, Nairobi, iliwaka. Sisi wa Pwani wenye jamaa huko tukabaki na simu na uvumi. Nchi nzima walikufa watu zaidi ya 1,100.

Mapema Januari 2008, mwanasheria Ory Okolloh aliomba kwenye blogu yake wajitokeze mafundi wa kutengeneza ramani ya kuonyesha ghasia zilipotokea. Wakaja David Kobia, Erik Hersman, Juliana Rotich na wengine. Kila mmoja alikuwa na shughuli zake. Hii waliifanya kwa kujitolea. Baada ya siku chache tovuti ikawa hewani. Mwananchi akituma ripoti kwa simu au intaneti, huonekana kwenye ramani.

Utulivu uliporudi wangeweza kuifunga. Badala yake waliiandika upya ili itumike popote, wakaitoa bure, kila fundi awe huru kuibadilisha. Januari 2010 ilitumika baada ya tetemeko la Haiti. Mwaka huohuo ikafuatilia kura ya maoni ya katiba hapa Kenya.

Kibera nayo ilifaidika. Mwaka 2009 mtaa huo ulikuwa karibu mtupu kwenye ramani za intaneti. Mradi wa Map Kibera ukawafunza vijana wa hapohapo kupita vichochoroni na kuweka zahanati, shule, vyoo na vituo vya maji kwenye ramani ya OpenStreetMap. Kisha wakaanzisha Voice of Kibera, tovuti ya habari za mtaa, kwa programu ileile ya Ushahidi.

Mpwa wangu nilimuachia mambo matatu. Kwanza, anza na shida unayoiona kwa macho yako. Pili, iandike upya mpaka mtu asiyekujua aweze kuitumia bila kukupigia simu; hapo ndipo kifaa chako kinapokuwa mradi. Tatu, kitu cha bure kina gharama: Ushahidi ilisimama kwa fedha za wafadhili, na ripoti zilihitaji watu wa kuzichuja, zisije zikawa uvumi mwingine. Jua mapema nani atalipa na nani atachuja.

Jahazi halivuki kwa uzuri wa mbao zake. Lahitaji mabaharia.