Tommy John na ule mwaka ambao watu hupenda kuruka

Fanya hivi kwanza. Gusanisha kidole gumba na kile kidole kidogo cha mwisho, halafu kunja kiganja kidogo kuja upande wako. Unaona kitu kama kamba imesimama hapo katikati ya kifundo cha mkono? Hiyo ni kano. Kuna wenu hamtaiona, na msishtuke. Kuna watu huzaliwa bila hiyo na hawapungukiwi na chochote, wanachati na kupiga pushapu kama sisi wengine. Sasa hiyo kamba ambayo mwili hata hauitegemei sana ndiyo ilibadilisha upasuaji wa wanamichezo, na msee wa kwanza kuwekewa aliitwa Tommy John.

Najua. Besiboli wengi wetu hapa Kenya tunaijua kwa kofia tu, zile za Yankees. Lakini nivumilie, stori hii inakuhusu kama unacheza chochote.

Tommy John alikuwa mrushaji wa Los Angeles Dodgers, mkono wa kushoto, miaka 31. Msimu wa 1974 alikuwa moto, ameshinda mechi 13 na kupoteza 3 pekee. Tarehe 17 Julai, katikati ya mechi, akarusha mpira na kiwiko kikaachilia. Ligamenti ya upande wa ndani ilikuwa imekatika. Ligamenti, kwa wale walilala darasani, ni ule mkanda unaoshika mfupa na mfupa. Kano ndiyo hushika msuli na mfupa. Tofauti hiyo iweke kichwani, tutaihitaji.

Na si ati jeraha lenyewe lilikuwa geni. Daktari mmoja wa Finland anaitwa Waris alikuwa ameshaliandika tangu 1946, na wagonjwa wake hawakuwa wachezaji wa besiboli, walikuwa warusha mkuki. Yaani nchi iliyomtoa Julius Yego ina kila sababu ya kujua hii ligamenti. Shida ilikuwa dawa. Kwa mrushaji wa kulipwa, hiyo ligamenti ikikatika ilikuwa basi. Walisema mkono umekufa, anapewa kwaheri, anatafutwa mwingine.

Daktari wa Dodgers alikuwa Frank Jobe. Jobe alijua kwamba madaktari walikuwa wakihamisha kano kutoka sehemu moja ya mwili hadi nyingine kusaidia wagonjwa waliopoozwa na polio. Akajiuliza, kwani kano haiwezi kufanya kazi ya ligamenti kwa kiwiko cha mrushaji? Hakuna aliyekuwa amejaribu. Alimwambia John uwezekano wa kurudi kucheza ulikuwa kama 1 kwa 100. John akasema twende.

Tarehe 25 Septemba 1974, Jobe akatoa ile kano kutoka mkono wa kulia, akatoboa matundu kwa mifupa ya kiwiko cha kushoto, akaipitisha na kuikaza. Ukisikia hivyo unaona kama fundi wa viatu. Lakini kano ikishawekwa pale haianzi kazi siku hiyo. Mwili huichukua kama kiunzi: mishipa ya damu inaingia polepole, seli mpya zinaijaza, na baada ya miezi mingi sana inaanza kufanana na ligamenti. Katikati ya huo muda kuna kipindi ambacho ni dhaifu kuliko ilivyokuwa siku ya upasuaji, na ni kipindi hicho hicho ambacho mwenyewe anaanza kujisikia poa. Hapo ndio wasee wengi huumia mara ya pili.

Kuna sehemu ambayo video za dakika moja hazikuambii. Baada ya upasuaji, vidole vya John viligoma. Mkono ukakunjika kama kucha za ndege. Unajua ile shoti unayosikia ukigonga kiwiko kwa meza? Hiyo ni neva ya alna. Inapita nyuma ya kiwiko, haina nyama ya kuikinga, na ndiyo huendesha sehemu kubwa ya misuli midogo ya kiganja. Kabla 1974 haijaisha, John alikuwa amerudi chumba cha upasuaji, safari hii kwa sababu ya neva.

Na neva haiharakishwi. Ikiumia vibaya huota upya kwa takriban milimita moja kwa siku. Pima kutoka kiwiko chako hadi ncha ya kidole, fanya hesabu. Unaongea juu ya mwaka mzima. Hakuna sindano ya kukimbiza hiyo, na hakuna pesa ya Dodgers ingenunua milimita mbili.

Kwa hivyo 1975 yote John hakucheza mechi hata moja ya ligi kuu. Mwaka mzima wa mazoezi ya vidole na kurusha mpira taratibu huku kila mtu akidhani ameisha. Mimi naona huo ndio mwaka wa kishujaa, lakini ukisoma stori yake mahali pengi wanauruka kwa sentensi moja.

Aprili 1976 akarudi. 1977 akashinda mechi 20. Aliendelea hadi 1989, akastaafu na miaka 46, na mechi 164 kati ya 288 alizoshinda maishani alizishinda baada ya upasuaji. Jobe naye alisubiri kama miaka miwili kabla ya kumfanyia mtu mwingine. Alitaka kuona kwanza kama imeshika. Hiyo nidhamu naiheshimu sana. Na jina lililobaki kwa upasuaji ni la mgonjwa, si la daktari, kitu ambacho hospitalini huwezi kukiona mara nyingi.

Kilichofuata kinanisumbua. Utafiti uliochapishwa Marekani 2012 uliuliza wachezaji wa shule za upili kuhusu upasuaji huu, na takriban nusu waliona ni sawa kumfanyia mtu mzima ambaye hajaumia, ili arushe vizuri zaidi. Kama kuongeza memori kwa simu! Utafiti mwingine ulionyesha kwamba kati ya 2007 na 2011, zaidi ya nusu ya waliofanyiwa huko walikuwa na miaka 15 hadi 19. Watoto wanarusha mwaka mzima bila kupumzika, mkanda unakatika, halafu wanaambiwa usijali, Tommy John alirudi.

Huku kwetu hatuna besiboli ya kutosha kuleta hilo balaa, lakini tuna magoti. Ile ACL inayokatika kwa mechi za mtaa hutengenezwa kwa wazo lile lile, kano ya nyuma ya paja au ya chini ya kifuniko cha goti inachukua kazi ya ligamenti. Na saa yake ni ile ile. Utafiti wa Norway wa 2016 ulifuata watu waliotengenezwa goti na kupata kwamba kwa kila mwezi waliosubiri kabla ya kurudi uwanjani, hadi mwezi wa 9, hatari ya kuumia tena ilishuka kwa karibu nusu. Kila mwezi, manze.

Sasa fikiria yule kocha anakupigia mwezi wa 5 anakuambia kuna fainali Jumapili, na goti haliumi.