Ijaza na Mkataba: Miaka ya Msomi Aliyekwisha Kuhitimu

Kuna kipindi katika maisha ya msomi ambacho Kiswahili hakijakipa jina fupi. Shahada ya uzamivu ameshaipata na watu wameanza kumwita daktari, lakini bado anafanya kazi katika maabara ya mwingine, kwa fedha zilizoombwa na mwingine, kwa mkataba wa miaka miwili au mitatu. Vyuo vikuu humwita mtafiti wa baada ya uzamivu. Jina hilo linaeleza alikotoka, halisemi anakokwenda.

Bagamoyo ni mahali pazuri pa kulipima jina hilo, kwa sababu mji huu una desturi mbili za kumlea msomi wa namna hiyo. Moja imo katika tawi la Taasisi ya Afya Ifakara, ambako chanjo za malaria zimejaribiwa moja baada ya nyingine. Nyingine ni ya zamani zaidi, imo misikitini na katika vyuo vya Kurani, na inaitwa ijaza.

Ijaza ni idhini. Mwalimu humruhusu mwanafunzi kufundisha kitabu fulani au kuongoza tarika fulani, naye hutaja aliyempa yeye idhini hiyo, na aliyempa huyo, mpaka mnyororo umfikie mtunzi wa kitabu au mwasisi wa tarika. Haitolewi na ofisi. Hutolewa na mtu kwa jina lake. Na mara nyingi anayeitafuta si mtoto wa chuoni. Sheikh Abdallah Bakathir, mzaliwa wa Lamu, alikuwa karibu rika moja na Sayyid Ahmad bin Sumeit, kadhi wa Zanzibar aliyezaliwa Ngazija, na bado alikaa mbele yake kama mwanafunzi. Bin Sumeit mwenyewe alikwishasafiri kutafuta elimu hadi Hadhramaut, Istanbul na Kairo. Bakathir naye alikwenda Hadhramaut, kisha akarudi kufundisha Ukutani, Unguja, na wanafunzi wakamfuata huko. Safari ya elimu ilikuwa na kituo cha mwisho: darsa yako mwenyewe, miongoni mwa watu wako.

Bagamoyo ina mfano mzito zaidi. Yahya bin Abdallah, aliyejulikana kama Sheikh Ramiya, alitoka mashariki ya Kongo, akaletwa pwani akiwa mtoto mtumwa, akakulia katika nyumba ya Amir bin Suleiman al-Lamki. Alisoma, akapata ijaza ya Kadiriya, akawa khalifa wa tarika hiyo mjini. Mwaka 1916 Waingereza walimfanya liwali. Alipofariki mwaka 1931, mwanawe Muhammad aliendeleza kazi. Mnyororo wa ijaza haukumuuliza alinunuliwa kwa kiasi gani. Ulimuuliza amesoma nini, kwa nani.

Desturi ya pili ilikua katika vyuo vikuu vya Ulaya na Marekani. Mwaka 1919 Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani, kwa fedha za Rockefeller, lilianza kuwafadhili wenye uzamivu wa fizikia na kemia ili wapate miaka ya kutafiti tu. Katika biolojia ya seli mpango wa namna hii umezaa matunda makubwa. Mwaka 1974 Georges Köhler, Mjerumani aliyekuwa ametoka kumaliza uzamivu, alikwenda Cambridge kwa César Milstein. Mwaka uliofuata walitangaza njia ya kuunganisha seli inayotengeneza kingamwili na seli ya saratani isiyokoma kugawanyika, ili kingamwili ya aina moja itengenezwe bila kikomo. Mwaka 1984 walipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Niels Jerne. Kipimo cha haraka cha malaria kilichoko leo katika zahanati zetu, kile cha tone la damu na mistari miwili, hutumia kingamwili za namna hiyo.

Kisa cha New York kinaligusa jambo lenyewe kwa karibu zaidi. Mwaka 1976, katika Chuo Kikuu cha Rockefeller, William Trager, mzee wa miaka 66, na James Jensen, mtafiti kijana katika maabara yake, walifaulu kufuga vimelea hatari zaidi vya malaria ndani ya seli nyekundu za damu, nje ya mwili wa binadamu, kizazi baada ya kizazi. Waliweka sahani za vimelea ndani ya mtungi wa kioo, wakawasha mshumaa humo, wakafunika. Mshumaa ulipozimika, hewa iliyobaki ilikuwa na oksijeni pungufu na kabonidayoksaidi zaidi, na vimelea vikastawi. Trager alikuwa ametumikia elimu ya vimelea maisha yake yote, lakini jambo hili asingeweza kumpa Jensen ijaza yake, maana hata yeye hakuwa nalo. Walilipata pamoja.

Hapo ndipo desturi hizi mbili zinapoachana. Ijaza hulinda kilichojulikana kisiharibike njiani. Maabara humdai mwanafunzi kisichojulikana na mtu yeyote, mwalimu akiwemo. Dai hilo ni kubwa na la heshima, na sitaki tulipunguze.

Lakini maabara imeacha mambo ambayo ijaza iliyashika. La kwanza ni mwisho. Mwenye kusoma kwa sheikh husikia siku moja kwamba sasa ametosha. Mtafiti wa baada ya uzamivu hasikii neno hilo: mkataba huisha fedha zinapoisha, akatafuta mwingine katika mji mwingine, watoto wakabadilishiwa shule tena. La pili ni uwazi. Ijaza hutolewa kwa mwenyewe, naye huitaja mbele za watu. Barua ya mapendekezo hutumwa kwa siri, anayeandikiwa asijue imesema nini. La tatu ni wajibu. Ijaza humtaka mtu akafundishe. Mkataba humtaka alete matokeo.

Ajabu ni kwamba sayansi yenyewe ina mnyororo, ila haiutamki. Mwaka 2011 watafiti wa Taasisi ya Sanger, Uingereza, walionyesha kwamba kimelea cha malaria hushika seli nyekundu kwa protini iitwayo RH5, ikijibana kwenye basijini, protini iliyo juu ya seli hiyo. Kimelea hakiwezi kuingia bila mshiko huo. Chanjo ya kuuzuia ilijaribiwa Bagamoyo kwa watu wazima, watoto na wachanga, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2023 yalionyesha kwamba wachanga wa miezi 6 hadi 11 ndio waliopata kingamwili zenye nguvu zaidi. Nguvu hiyo ilipimwa kwa kutazama kama kingamwili za damu yao zinazuia vimelea kukua katika sahani, vimelea vinavyofugwa kwa njia iliyoanzia kwenye mtungi wa Trager na Jensen. Mshumaa wa New York umefika Bagamoyo. Hata hivyo maabara ya rejea ya kipimo hicho iko Maryland, Marekani: damu hutolewa hapa, na kazi ya seli hufanyika mbali.

Kwa nini? Sababu moja imo katika ngazi za vyuo vyetu. Tanzania, anayepata uzamivu huwa mhadhiri, akakabidhiwa madarasa yaliyojaa na mitihani ya kusahihisha. Wajibu wa kufundisha anao tangu siku ya kwanza. Miaka ya kukaa na swali moja hana. Anayeitaka hungoja mradi wa wafadhili au husafiri, na wengi wanaosafiri hawana maabara ya kurudia. Kilifi, ng'ambo ya mpaka nchini Kenya, utafiti ulioanza mwaka 1989 umeonyesha kwamba mji wa pwani unaweza kulea wasomi wa ngazi hii. Bagamoyo ina hospitali, ina wagonjwa, ina watafiti. Inastahili maabara ya seli yenye nafasi za kudumu za watafiti wa namna hii.

Na nafasi hizo zikianzishwa, naomba zifuate busara ya ijaza. Mwishoni mwa miaka mitatu ya kila mtafiti, msimamizi aandike, kwa jina lake na mbele ya wenzake: huyu nimemfundisha haya, haya ameyagundua mwenyewe, na sasa ana haki ya kuwa na maabara na wajibu wa kumpokea mwingine. Hapo swali la maabara litakutana na mwisho wa ijaza. Sheikh Ramiya hakumbukwi Bagamoyo kwa sababu ya alikopitia akisoma. Anakumbukwa kwa sababu ya waliokuja kuketi mbele yake.