Kosa Alilolikiri Mwalimu, na Umeme wa Wanakijiji



Anunuaye umeme wa LUKU, awe Musoma mjini, Bunda au Butiama, na aitazame risiti yake. Atakuta humo asilimia 3 iliyokatwa kwa ajili ya REA, Wakala wa Nishati Vijijini ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2005. Kila mmoja wetu, basi, anachangia umeme wa vijijini, apende asipende. Je, mwanakijiji anayechangia aweza pia kuwa mwenye mali?

Kwetu swali hili ni la zamani kuliko umeme. Mwaka 1955 vyama vya wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa, chini ya Paul Bomani, mzaliwa wa Musoma, viliungana katika shirikisho la VFCU. Wakulima ambao bei yao ilikuwa ikipangwa na mizani ya mfanyabiashara walikuja kumiliki viwanda vya kuchambua pamba. Uhuru ulipofika, VFCU ilikuwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika.

Kisha mambo yakaharibika. Wizi na uzembe ulikuwapo kweli, na tume ya Rais ya mwaka 1966 iliuona. Lakini mwaka 1976 Serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika nchi nzima, na kazi zake zikapewa mashirika ya umma. Kwa maoni yangu, mgonjwa alikatwa kichwa ili kuondoa kipandauso. Sheria ya mwaka 1982 ilivirudisha. Imani ya wanachama hairudi kwa sheria.

Mwaka 1984, akiwa bado Rais, Mwalimu Nyerere alisema katika mahojiano kwamba, kama angeanza upya, asingevunja vyama vya ushirika wala serikali za mitaa. Ni wachache watawala wanaosema hivyo wakiwa kitini. Jimbo letu la Musoma ndilo lililoanzisha mchakato wa kumtangaza mwenyeheri, nami huliona neno hilo kuwa ushahidi usiopaswa kusahauliwa.

Sasa turudi kwenye umeme. Huko Urambo, mkoani Tabora, wananchi walianzisha mwaka 1993 chama chao cha ushirika cha watumiaji umeme. Mtambo ulikuwa wa dizeli, si nishati safi, lakini somo lake linafaa: wanachama walikubali kulipa bei iliyo juu kuliko ya TANESCO, kwa kuwa waliipanga wenyewe na taa ziliwaka. Matembwe, katika Jimbo la Njombe, kampuni ya kijiji imekuwa ikizalisha umeme wa maji tangu miaka ya 1980, ikisaidiwa na shirika la Kiitaliano la CEFA. Ludewa nako, mtambo wa Mawengi wa kilowati 300 uko chini ya LUMAMA, chombo cha watumiaji wenyewe.

Hakuna hata mmoja uliosimama bila msaada. Serikali nayo ilijifunza kusaidia: sheria ya umeme ya mwaka 2008 iliwaondolea wazalishaji wa chini ya megawati 1 ulazima wa leseni, na kwa fedha za Benki ya Dunia REA ilitoa ruzuku ya dola 500 kwa kila mteja aliyeunganishwa na wazalishaji wadogo. Huo ni msaada unaomwacha mwenye mali akiwa mwenye mali. Kanisa huuita kanuni ya auni, aliyoifafanua Papa Pius XI mwaka 1931, mwaka uleule TANESCO iliposajiliwa. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko naye, katika Laudato si' ya mwaka 2015, alivitaja kwa sifa vyama vya ushirika vinavyozalisha nishati jadidifu kwa ajili ya jamii zao.

Kwetu hakuna mito ya milimani kama ya Ludewa. Tuna jua, tuna samadi ya ng'ombe ya kuzalisha gesi, na upepo wa Ziwa. Tunao pia wazee wanaokumbuka jinsi viwanda vya pamba vilivyotoka mikononi mwao. Siku mradi wa umeme utakapoletwa kwenye mkutano wa kijiji, hao ndio ningependa wasimame kwanza, waulize hati itashikwa na nani, hesabu zitakaguliwa na nani, na mtambo ukiharibika nani atajibu.