Ziwa, Kikombe na Uji: Somo Kutoka Uwanda wa Makonde



Mama wa mtoto wa miezi minane ana kazi tatu kwa pamoja: kunyonyesha, kukamua na kupika uji. Tukizidiwa, tunadhani shida hii imekuja na ofisi. Hasha. Ni ya zamani, na waliotutangulia wametuachia somo.

Twendeni Chidya, kusini mwa Tanzania, upande wa Masasi na Newala. Visiwa vyetu vinahusiana na huko tangu zamani: mwaka 1876 Askofu Steere alitoka Unguja na watu waliokombolewa utumwani, wakaweka makazi Masasi. Jirani yao ni uwanda wa juu wa Makonde, wenye ardhi nzuri lakini isiyoshika maji. Mjerumani Karl Weule alipofika Newala mwaka 1906, aliona watu wakiishi juu na maji yakiwa mbali, mabondeni. Ndoo ilikuwa kazi ya wanawake. Ni miaka ya 1950 ndipo mradi wa mashine ulipoanza kuyapandisha maji.

Mtoto mchanga huenda mgongoni, na ziwa huenda naye. Lakini aliyekwisha kuwa mzito akibaki na bibi, atakula nini? Uji wa mtama au wa muhogo. Hapo ndipo penye mtihani: uji mwepesi hujaza tumbo dogo kabla mwili haujashiba, na uji mzito humshinda mtoto kumeza.

Hatari ya kukata ziwa na kubakiza uji mtupu ilielezwa na daktari Cicely Williams. Mwaka 1933, akiwa Gold Coast, Ghana ya leo, aliandika kuhusu kwashakoo, maradhi aliyoyaona kwa watoto walioachishwa ziwa wakabaki na uji wa mahindi. Mwaka 1939, huko Singapore, alikemea kampuni zilizowauzia mama maziwa ya kopo yenye sukari kwa ajili ya watoto wachanga. Ilichukua hadi 1981 dunia kupitisha kanuni za kuzuia matangazo ya maziwa mbadala.

Kwetu Tanzania, Taasisi ya Chakula na Lishe ilianzishwa mwaka 1973. Miaka ya 1980 watafiti wake walirudi kwenye ujuzi wa bibi zetu: kimea. Mtama au ulezi huloweshwa, huoteshwa, hukaushwa na kusagwa. Kijiko kimoja kikikorogwa katika uji mzito, uji hulainika bila kuongezewa maji. Mtoto humeza kwa urahisi na hupata nguvu zaidi. Tia karanga za kusaga au dagaa wa unga, na mlo umekamilika.

Kukamua nako si kugeni. Mashine ya kukamulia ilipewa hataza Marekani mwaka 1854, lakini mkono safi na kikombe vinatosha. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa saa 4 kwenye nyuzi joto 25. Kwa joto letu, yawahi friji, nayo hukaa humo siku 4. Mnyonyeshe kabla hujatoka, ukirudi, na usiku. Chakula kianze akitimiza miezi 6: milo 2 hadi 3 kwa siku, kisha 3 hadi 4 kuanzia miezi 9. Hadi mwaka mmoja, maziwa yako bado yanaweza kumpa nusu ya nguvu anazohitaji.

Tahadhari moja, dada. Usimpe jirani maziwa uliyokamua bila kuweka kumbukumbu. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, mtoto akinywa mara tano kabla ya miaka miwili huwa mwanao wa ziwa, hata akinywa kwa kikombe. Kesho wasije wakaposana ndugu.

Sura ya Al-Baqara, aya ya 233, imetaja miaka miwili kamili, na ikataka kuachisha kabla ya hapo kuwe kwa kuridhiana na kushauriana kwa baba na mama. Basi bi harusi, mzungumzie mapema na mumeo: nani atachota maji, nani atakoroga uji. Ndoo, kikombe na mwiko visiwe mzigo wa mama peke yake.

Allah awajaalie watoto wenye afya na maziwa yenye baraka. Amin.